Kadi Kumi na Mbili za Bungoma

Niliondoka Kitale kwa sababu ya upweke, na sioni haya kusema hivyo. Miaka mitatu nimeandika programu za kompyuta peke yangu, katika chumba nyuma ya duka la mbolea, meza moja, kiti kimoja. Nikikosea hakuna wa kuniambia. Nikipatia, nimwonyeshe nani? Basi nikaandaa siku moja ya waandishi wa programu wa huku kwetu kufanya mazoezi wawili wawili, kompyuta moja kwa watu wawili. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu wa kukaa naye, hata kwa saa moja.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi na begi la kadi za majina. Kadi kumi na mbili, meza sita. Nilijiona mpangaji kweli kweli.

Kimilili nilibadilisha gari. Mama aliyeniuzia chai alinitazama, akauliza, "Unaenda matanga?"

"Hapana, mama. Naenda mkutano, na ni mimi nimeuita."

"Sasa mbona uko na sura hiyo?"

Bungoma nilifika saa mbili na nusu. Mwalimu Wekesa, aliyetuombea ukumbi wa kanisa, alinipokea mlangoni. "Karibu, madam. Viti ni kumi na mbili, vile ulisema."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilikuwa nimewahesabu watu wote isipokuwa mimi. Nikaomba kimoyomoyo mmoja wao akose kuja, Mungu anisamehe. Walikuja wote, na aliyetoka mbali kabisa, Lwakhakha mpakani, alifika wa kwanza.

Saa tatu tukaanza. Sheria niliitangaza mwenyewe: kwa dakika arobaini na tano andikeni programu ya kupanga zamu za kuteka maji, kisha mfute yote, mbadilishe wenzi, muanze upya, maana haya ni mazoezi, si kazi. Ukumbi ukachangamka.

"Ati unaiweka hapo? Si utaharibu!"

"Wacha bana, ngoja uone!"

Mimi nilizunguka na saa yangu kama msimamizi wa mtihani. Niliona wivu, tena wivu mkali.

Saa saba Halima, anayetunza kompyuta za duka moja karibu na msikiti, aliinuka kwenda kuswali. Mwenzake Barasa, karani wa kaunti, akabaki peke yake. "Madam, si ukae basi?" akasema. Nilikuwa nimeshakaa. Niliandika mistari minne, naye akaisoma akicheka.

"Hapana, madam! Umeanza kuhesabu vibaya. Hapa mtu mmoja hatapata maji."

Kosa hilo nimelifanya mara ngapi, na leo ndiyo kwanza mtu ananicheka! Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Halima akarudi. "Kaeni tu, mimi nitaangalia," akasema. Lakini sheria ya wawili wawili ni yangu, ningeivunjaje? Nikampisha. Muda ulipokwisha nikapaza sauti, "Futeni!" Barasa akafuta yote, na mistari yangu humo humo.

Saa kumi tukaagana. Walipeana namba za simu, wakapanga kutembeleana. Yangu haikuombwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa nayo tangu nilipowaalika. Halima akanionyesha alivyoiandika kwenye simu yake: Madam wa Mazoezi.

"Kwani jina lako ni nani?"

"Nasimiyu." Siku nzima sikuwa nimelitamka.

"Na kadi yako iko wapi, Nasimiyu?"

Swali hilo nilirudi nalo njia nzima, Bungoma mpaka Kitale. Chumbani nilikuta kiti changu kimoja kikinisubiri. Nilichojifunza ni kwamba nimezoea kuwa peke yangu kiasi kwamba hata kwenye hesabu sijioni. Nikachukua kadi tupu, nikaandika jina langu, ya kumi na tatu.

Lakini kumi na tatu hawakai wawili wawili. Mmoja atabaki amesimama, na safari hii sitaki niwe mimi. Kwa hiyo kama nawe huko uliko unaandika peke yako, nitumie jina lako. Kadi ya kumi na nne iko hapa mezani, haijaandikwa kitu.