Mwasumini Chini ya Dirisha

Mama yangu, Bi Khairunisa, alikuwa mkali wa dini kuliko mashehe wenyewe. Baba alipofariki, Desemba 2014, alikaa eda miezi minne na siku kumi, na si eda ya kubahatisha. Hakutoka nyumbani, hakuvaa cha kung'aa, hakugusa udi wala manukato. Nilimwambia shehe hakukataza harufu inayokuja na upepo. Akanijibu, "Shehe hakufiwa na Abdullatif." Kubishana na mama ni kujichosha bure.

Kila Februari wazazi wangu waliihuisha bustani yetu ya Rashidiya, Dubai. Baba akipogoa, mama akichanganya samadi ya mbuzi na udongo mpya, wakigombana juu ya kila chungu. Dubai haina masika ya kueleweka. Ina wiki chache tu ambazo asubuhi huhitaji tena shali, kiyoyozi bado hakijawashwa, na ndege shorewanda wanagombania kunazi zilizoiva. Mwaka ule mkunazi wetu ulikuwa mtupu matawi ya chini, maana majani yake tuliyachuma ya kumwoshea baba kabla ya kumzika. Februari matawi yale yakachipua tena, kijani kibichi. Nilichukia kuyaona.

Kazi ya bustani ikamwangukia Yekoniya, Mganda aliyetunza bustani za mtaa wetu na kupita kwetu kila alasiri. Alibadilisha udongo, akapanda maua ya petunia kando ya njia. Mwasumini hakuugusa. Baba alikuwa ameupogoa mwenyewe mwezi mmoja kabla ya kufa, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu kusimama kulishamshinda. Kila msimu wa maua alikuwa akimwekea mama asumini juu ya mto wake.

Machi mwasumini ukaanza kutoa maua, chini kabisa ya dirisha la chumba cha mama. Akalifunga dirisha, akavuta na pazia, kisha akamwita Yekoniya mlangoni.

"Uyachume kila siku kabla hayajafunguka, uyapeleke mbali. Siku n'takayotoka eda ndiyo n'tayanusa. Hiyo ndiyo siku n'nayoingoja."

Yekoniya alichuma siku nne. Siku ya tano akanisimamisha getini. "Dada, mimi siwezi. Mzee alikata huu mti akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi ndiyo nitupe maua yake?"

Nikamwambia ayaache. Nilikuwa na hamu na baba yangu, na sikufikiria zaidi ya hapo. Harufu ikajaa nyumba nzima, ukumbini, kwenye nguo, mpaka chai ukiinywa unaionja.

Kila magharibi mama alimwuliza Yekoniya kutoka ndani, "Umeyaondoa?"

"Nimeyaondoa, madam."

"Naona. Hakuna hata chembe ya harufu."

Nilidhani anajifanya, asitutie aibu. Tulishazoea vioja vyake tangu Januari, siku aliyokaa jikoni kando ya sufuria, wali ukaungua mpaka jirani akaja kuuliza, naye hana habari. Tulisema ni huzuni.

Katikati ya Aprili eda ikaisha. Mama akaoga, akavaa gauni lake la samawati, akashuka bustanini kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Petunia hakuzitazama. Alichuma asumini zikajaa mkono, akazitia usoni. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akachuma nyingine, kutoka tawi jingine, akazinusa nazo.

"Huu si mti wake," akasema. "Yekoniya, umenibadilishia mti. Huu hauna harufu. Ung'oe."

"Madam, ni ule ule."

"Ung'oe. Khalas."

Yekoniya alinitazama, kisha akaenda kuchukua jembe. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma kwa harufu ile.

"Mama," nikasema, "harufu ipo. Ipo nyumba nzima tangu Machi. Hakuyachuma, na mimi ndiye niliyemruhusu. Ni pua yako, mama."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha baba.

"Tangu lini?"

"Nadhani tangu ule wali."

Akafikiri. "Kumbe sikujizuia na kitu," akasema. "N'kidhani kuna kimoja n'namfanyia baba yako."

Yekoniya alisimama na jembe lake, hajui aliweke wapi. Mama akanyoosha mkono, akaniletea maua yale puani.

"Nusa wewe. Unambie ikoje."

Nikanusa. Alikuwa baba mwenyewe, chumba chao, mto wa mama, Ijumaa zote za utoto wangu.

"Ni asumini, mama."

"Hilo nalijua," akasema. Akaniachia maua mkononi, akaingia ndani.