Bei ya Taa Niliyoitangaza Kibondo

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu ambazo mji mzima ulikuwepo, sasa hiyo utaificha wapi? Yangu ni hiyo ya pili, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Kibondo, maana wale hutia chumvi (wanasema nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu).

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa kambi za wakimbizi, na mimi nilikuwa karani kwenye shirika moja lililokuwa na kompyuta mbili na kijenereta chake cha ofisini. Mjini hatukuwa na umeme. Mzee Abdala, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, mtu wa asili ya Pwani lakini Kiha anakisema kunishinda, alikuwa na jenereta kubwa iliyokaa stoo ikila vumbi, nami nikamwendea na wazo langu: tuvute nyaya nyumba kwa nyumba, kila mtu alipie taa zake mwanzo wa mwezi, asiyelipa tunamkatia. Wazo lilimwingia, ila tayari alikuwa na mnunuzi wa Kasulu aliyeitaka ile jenereta kwa mashine yake ya kusaga.

"Kijana wangu," akaniambia, "niletee hesabu ya mwaka mzima Jumamosi. Ikisimama, jenereta inabaki na wewe ndiye msimamizi. Isiposimama, inakwenda Kasulu."

Nikaapa haiendi Kasulu. Wiki nzima, kazi ikiisha, nilibaki ofisini kwa ruhusa ya bosi, nikachora jedwali kwenye kompyuta: miezi kwa upana, na kwenda chini wateja, ada, dizeli, fundi, vipuri, mwisho faida. Utamu wake ni kwamba ukigusa namba moja, mwaka mzima unajipanga upya wenyewe (mimi nilikuwa nazigusa hata bila sababu, kujifurahisha tu). Kwenye dizeli nikaielekeza kompyuta ichukue saa ya kuzima, itoe saa ya kuwasha, ijue jenereta imeunguruma saa ngapi, kisha izidishe kwa lita na bei. Tutawasha saa kumi na mbili jioni, tutazima saa nne usiku, kama kila mtu anavyosema. Nikaandika 12, nikaandika 4, nikasonga mbele.

Faida iliyotokea pale chini, acheni tu! Hata mwezi wa kwanza ilikuwa imenona, na mtu akiona kinono hamuulizi mchinjaji maswali. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: ada aliyoitaja Mzee niliiona ya kikatili, nikaikata nusu, na faida bado ikakaa palepale juu. Nikajiona mkombozi wa wanyonge.

"Umeipiga na kwa mkono?" Mzee akaniuliza Jumamosi asubuhi.

"Mzee wangu, kompyuta haikosei."

Akaniamini, akaita watu, nao wakajaa mbele ya duka. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikatangaza bei, vigelegele vikapigwa, na kabla sijashuka foleni ya kulipa ilishajipanga. Wa kwanza alikuwa Mama Nestori, muuza maharage ambaye ukoo wao ulitoka Burundi zamani, akalipia taa nne na kuniombea baraka. Mzee Abdala akaweka mkono kifuani, akasema mbele ya wote kwamba bei hiyo ni neno lake.

Ndipo akanigeukia. "Haya, msimamizi, niagize dizeli kiasi gani? Soma kwa sauti, watu wajue tumejipanga."

Nikatafuta mstari wa dizeli kwenye karatasi niliyokuwa nimechapa jedwali. Siku zote nilikuwa naangalia faida tu. Kwenye dizeli, kila mwezi, mbele ya namba palikuwa na kijistari. Hasi.

"Ni alama tu ya kompyuta, Mzee," nikasema (bado nakaza, mjue!).

Akavaa miwani, akaipokea karatasi. "Hapa naona jenereta ikiwaka mwezi mzima, tunabaki na dizeli nyingi kuliko tuliyoanza nayo. Yaani inakojoa mafuta?"

"Basi nitaleta ndoo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na soko zima likaangua kicheko.

Nikahesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Nne toa kumi na mbili. Kumbe kompyuta ilikuwa haijui kwamba saa zetu zikifika kumi na mbili huanza tena moja, yenyewe ilitoa tu kama ilivyoambiwa, ikapata saa hasi, gharama ya dizeli ikageuka mapato. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Nilitamani nipotelee Munanila, kule mpakani, nivuke niingie Burundi. Lakini nilikuwa nimeapa, nikasimama, nikawaeleza watu wote kosa langu, na kwamba ada ya kweli ni zaidi ya mara mbili ya ile niliyotangaza. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Mwezi wa kwanza bei ni ileile, nimeshasema mbele ya watu," akasema Mzee Abdala. "Hasara utaifidia wewe. Kisha utapita kila nyumba kueleza bei mpya. Wakikubali, jenereta inabaki. Wakikataa, Kasulu."

Nikafidia. Mwezi ulipokaribia kwisha nikaanza kupita, kila mlango wananiita Bwana Kisima, yaani kisima cha dizeli, watoto wakiniuliza kama kimejaa. Kwa Mama Nestori nilikwenda na hotuba nzima kifuani, ya kuomba radhi na kubembeleza. Hakuniacha nifike katikati.

"Yampayinka, Eliya!" akashangaa kwa Kirundi cha kwao. "Hiyo bei mpya ndiyo tuliyoitegemea tangu mwanzo. Ile yako ya kwanza haikuweza kununua hata mafuta ya taa. Unadhani foleni ile ilikuwa ya nini? Tuliwahi kulipa kabla hujazinduka!"

Akalipa za taa zote nne, na wengi wakalipa kama yeye, jenereta ikabaki Kibondo. Mimi nilirudi kwa Mzee nimefurahi, huku masikio yananiwaka moto. Tangu hapo nimejiwekea sheria: nikitaja bei watu wakashangilia, siendelei na neno lolote, nakaa chini nahesabu upya.