Mashine ya Kwapani

Kuna kazi za mwili ambazo mtu hafanyiwi na mwingine maadamu ana akili zake. Kuondoa nywele za kwapa ni moja. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa hiyo mikono yangu ilipoanza kutetemeka nilipata taabu ambayo sikumwambia mtu.

Sisi Waislamu tunatakiwa nywele hizo zisikae zaidi ya siku arobaini. Kwetu Garbatulla nilipokuwa msichana hatukutumia wembe. Tulikuwa tunang'oa kwa vidole. Mama yangu alikuwa anachukua jivu la baridi, analichuja kwa kitambaa mpaka linakuwa laini kama unga, ananipaka. Jivu linakausha jasho, na unywele hautelezi kwa kidole. Unang'oa kidogo, unapumzika, unang'oa tena, huku mnaongea habari za ngamia na habari za watu. Ukilia unaulizwa, sasa wewe utazaa vipi?

Nikaja mjini, nikakaa hapa mtaa wa Kiwanjani, nikaendelea na jivu langu miaka yote mpaka vidole vikakataa. Vya mkono wa kushoto vimekunjika, havishiki kitu vizuri. Nikahamia kwa wembe. Lakini wembe haupendi mkono unaotetemeka. Alhamisi moja nikijitayarisha kwa Ijumaa nilijikata, damu ikaingia kwa dera, na mke wa mtoto wangu akaiona wakati wa kufua. Alikuja kwa adabu, akachuchumaa karibu na mimi.

"Mama, si ungeniita tu? Ni kitu kidogo."

"Maiti ndiyo inasafishwa na watu," nikamwambia. "Nikifa utanisafisha. Sasa bado napumua."

Akainuka, akarudi kufua. Ni mwanamke mzuri, sina neno juu yake. Lakini baada ya siku hiyo nilikuwa naogopa wembe, na yeye siwezi kumwita, maana maneno yangu nilikuwa nimeshasema. Nywele zikakaa. Nilikuwa nasimama kuswali nikijisikia mchafu, roho imejikunja.

Wakati huo ndio mjukuu wangu alikuja kunitembelea, mtoto wa binti yangu. Ni msichana mkubwa, anafanya kazi Nairobi kwa duka la nguo. Anaongea sana na anacheka hata kabla hujamaliza kusema. Nampenda, lakini simwambii kila siku, asije akaharibika.

Mchana mmoja nikasikia mlio chumbani kwake, kama nyuki ameingia kwa kopo.

"Hiyo simu yako ina ugonjwa gani?" nikauliza.

"Si simu, Akko. Nanyoa miguu."

Akko ni bibi kwa Kiborana. Nikafungua pazia. Amekaa juu ya godoro, mguu ameunyoosha, na kwa mkono ana kitu kidogo cheupe, anakipitisha juu ya ngozi.

"Huko Nairobi nani anaangalia miguu yako?"

"Hakuna, Akko. Naiangalia mwenyewe."

"Basi wacha kuiangalia."

Akacheka. Akanivuta nikae. "Na nimesema vibaya, hii hainyoi. Inang'oa. Ona." Kweli, kichwani ina vibati vidogo vingi, vinazunguka, vinashika unywele na kuuvuta na mzizi wake. Alisema alinunua Islii, huko huko Nairobi, na anaichaji kama simu.

"Inang'oa?" nikauliza tena. Kung'oa ndiyo nilifundishwa, na kwa kwapa ndiyo sunna yenyewe.

"Inang'oa kabisa. Zinakaa wiki kadhaa hazijarudi."

"Hata kwapani?"

"Hata kwapani. Lakini hapo ni moto, Akko, utaita mama yako."

"Mama yangu ndiye alinifundisha," nikasema, nikatoka.

Kesho yake alienda soko kutafuta nyama. Mke wa mtoto wangu alikuwa kwa majirani. Nikasema, ni sasa. Nilienda kwa jiko, nikachukua jivu la baridi, nikalichuja kwa kipande cha leso, nikapaka kwapa lote, likawa jeupe. Nikachukua mashine yake chumbani, nikabonyeza kile kidude cha kuiwasha, nikaipeleka kwapani. Mashine ikalia, ikakohoa, ikanyamaza. Nikaigonga kwa goti. Kimya.

Msichana aliporudi hata sikungoja aweke nyama chini.

"Mashine yako imekufa. Ina jivu."

"Jivu? Jivu limetoka wapi?"

"Kwa jiko. Ulitaka nipake nini, samli?"

Akaniangalia. Akaangalia dera langu, limejaa weupe upande mmoja. Akaanguka juu ya mkeka kwa kicheko.

"Akko! Ulikuwa unajing'oa kwapa!"

"Paza sauti kidogo. Kuna jirani mmoja hajasikia."

Akacheka mpaka akapangusa machozi. Halafu akaacha. "Kwani wembe wako uko wapi?" akauliza polepole. Nikainua mkono nikamwonyesha kovu. Hakusema pole, na nilishukuru. Alifungua kichwa cha mashine, akachukua kiburashi chake, akaanza kutoa jivu kwa kila kijibati, akipuliza. Alikaa hapo kwa kizingiti mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikalia.

"Hii haitaki jivu," akasema. "Inataka ngozi kavu, na iwe imevutwa. Nikufanyie?"

"Hapana. Kaa nje ya pazia, uniambie la kufanya ukiwa huko."

Nikaanza na kwapa la kushoto, mashine iko mkono wa kulia. Mara moja ikauma ngozi, maana ngozi yangu imelegea kama kiriba kisicho na maji. Nikapiga kelele.

"Mkono juu, Akko! Shika vyuma vya dirisha!"

Nikavitundika hapo vidole vyangu vya kushoto. Ngozi ikanyooka. Na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea: mkono wangu unatetemeka, lakini na mashine yenyewe inatetemeka, na kutetemeka kwangu kukapotelea ndani yake. Wembe ungenikata. Hii haikujali. Ilikuwa moto, wallahi, machozi yalitoka, lakini nilimaliza, nikapapasa, nikakuta ni safi kama nilivyokuwa msichana.

"Imeisha?" akauliza.

"Moja."

Nikahamisha mashine mkono wa kushoto. Vile vidole vilivyokunjika havikuishika. Ikaanguka kitandani. Nikaiokota, nikaibana kwa kiganja, ikageuka, ikaanguka tena. Nilijua anasikia. Nilingoja aseme, "Nije?" ili nimwambie hapana. Hakusema kitu. Alikaa tu upande wake wa pazia, na mimi upande wangu, nusu yangu safi na nusu bado. Angeuliza, mpaka leo ningekuwa nimekataa.

"Ingia," nikasema.

"Akko?"

"Ingia, nimesema. Na usiniangalie usoni."

Akaingia, akanishika mkono, akauweka kwa bega lake nipumzike juu yake. Akavuta ngozi kwa vidole viwili, taratibu. Mimi nikaangalia ukuta. Akaanza kuongea, huku anafanya, kuhusu kijana fulani anakuja dukani kila Jumamosi na hanunui kitu.

"Ana ngamia?" nikauliza.

"Ana pikipiki, Akko."

"Pikipiki haizai. Aii! Hapo polepole!"

"Pole, pole. Lakini amesoma."

"Na mama yake ni nani?"

Akanieleza mama yake, na shangazi zake, na wanatoka Kipsing upande gani, na alipofika kwa mjomba akasema, "Nimemaliza." Sikuwa nimesikia mashine ikizimwa. Akapangusa kwapa kwa kitambaa cha maji, akalipuliza kama mtu anapoza uji wa mtoto.

"Usizoee," nikamwambia.

"Sizoei, Akko."

Aliporudi Nairobi aliiacha mashine kwa sanduku langu. Kwapa la kushoto nafanya mwenyewe, nimeshika dirisha. La kulia linamngoja yeye, na akichelewa nampigia simu, namuuliza kama anataka bibi yake asimame mbele ya Mungu akiwa nusu. Anakuja.