Bi Kufuli Avuta Picha

Kwenye kituo cha hali ya hewa kule mlimani, karani alibandikwa jina la Bi Kufuli, likamkaa. Barua pepe za kituo zilivutwa kutoka makao makuu, kwa nywila aliyoijua yeye peke yake. Kabla ya kuiandika alijifunika mtandio, yeye na kibodi, kama anayejifukiza. Na kwa kuwa mtandao ulikwenda mwendo wa kinyonga, alivuta vichwa vya barua kwanza, kisha akachagua ya kufungua. Picha alizipiga marufuku. "Moja tu inatuziba koo siku nzima!"

Asubuhi moja kichwa kimoja, kutoka kwa binti yake, kikasema: "Mama, umepata mjukuu. Picha imo ndani."

Bi Kufuli akasimama, akaketi, akasimama tena. "Leo asiguse mtu mtandao!" akafoka, huku anacheka.

Picha ikaanza kushuka toka juu, mstari kwa mstari. Saa nne nywele. Saa tano paji la uso. Adhuhuri macho, na wapima mvua wote wamejazana nyuma ya kiti chake.

"Pua ikija ya baba yake, nazima," akasema.

Ikaja ya Bi Kufuli mwenyewe, bapa, haina ubishi. Vigelegele!

Hapo mtandao ukakatika, ukadai nywila upya. Bi Kufuli, machozi yakimtiririka, akaanza kuiandika hadharani. Mtandio ameusahau begani.

Wapima mvua wakatazamana, kisha wote wakageukia ukutani bila kuambiwa.

"Haya, geukeni, wanangu," akaita baadaye. "Mdomo umefika. Anafoka kama bibi yake!"