Mapigo ya Mwalimu Sanga

Usiku ule ninaousimulia, baridi ya Njombe ilikuwa imeingia mpaka ndani ya godoro. Nilikuwa kitanda cha juu, namsikiliza Yusta anavyopumua kitanda cha chini. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Yusta alikuwa anakimbia mita elfu tatu, na akishinda, kuna shule ya michezo iliyokwisha kumwekea jicho, ingemchukua na kumsomesha bure. Tangu baba yake afariki, mama yake hakuwa na namna nyingine, na bweni zima lilijua hivyo. Wenzetu walikuwa wameshaanza kumwita bingwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naomba mvua inyeshe siku mbili mfululizo, uwanja ujae maji, mashindano yaahirishwe.

Acha nieleze kwa nini. Wiki moja kabla ya hapo Yusta alianguka mazoezini, pale kwenye kona yenye miti ya paini. Hakujikwaa. Alizima tu akiwa katikati ya mbio, akalala chini muda wa kutosha mimi kuanza kulia. Alipozinduka akasema ni njaa, asubuhi hakunywa uji, na akaniapisha nisimwambie mwalimu wa michezo. Nikaapa. Ingeweza kuwa njaa kweli, na mimi ningelala usingizi wangu vizuri, kama nisingekuwa na jambo jingine ninalolijua kuhusu baba yake, ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Baba yake alikuwa Mwalimu Sanga, aliyetufundisha baiolojia. Kwenye ratiba alikuwa wa baiolojia, ila moyoni alikuwa wa nyota. Alijitengenezea darubini kwa bomba la plastiki na lenzi za miwani mikuukuu, na baada ya chakula cha jioni alikuwa anatutoa nje, sisi wachache tusioshiba maswali, tukaangalie anga. Alisema damu inazunguka na sayari zinazunguka, na mtu akijua kimoja asipojua kingine aone haya kidogo. Mimi aliniita Profesa. Ulikuwa utani, kwa sababu nilikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Na majibu yangu yalikuwa sahihi kila mara, maana yote yalitoka kitabuni.

Jioni moja alituambia tuchore miezi ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Kitabu kilisema darubini ndogo huonyesha miezi minne. Mimi niliona mitatu, nikachora minne. Akaniuliza wa nne nimeuona wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, huku nikijua naonyesha giza tupu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwezi wa nne ulikuwa umepita nyuma ya sayari muda ule, hauonekani, na kwamba waliochora mitatu ndio walioangalia. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Niliona aibu, lakini ile aibu inayokufundisha usikamatwe, si ile inayokufundisha kuacha.

Ndiyo maana mwezi uliofuata nilirudia. Tulikuwa maabara tunahesabu mapigo ya moyo, wawiliwawili, mmoja anamshika mwenzake kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Mwenzangu alikuwa anaumwa siku hiyo, basi Mwalimu Sanga akavuta stuli, akakunja mkono wa shati, akanipa mkono wake. Mapigo yake hayakwenda sawa. Yalikuja mawili, yakanyamaza, yakarudi matatu mbiombio kama mwanafunzi aliyechelewa kengele, yakanyamaza tena. Nilipata hamsini na nane. Nikarudia, nikapata tisini na kitu. Nikaona vidole vyangu ndivyo vyenye kasoro. Kitabu kilisema mtu mzima ana sabini na mbili, nami nikaandika sabini na mbili. Sisi tunaita kupika majibu, na sijawahi kukutana na mwanafunzi wa sayansi ambaye hajawahi kupika. Mwalimu akaweka vema kwa kalamu nyekundu, akapita kwa wengine.

Hazikuisha wiki tatu, akaanguka nyumbani kwake akipasua kuni, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Watu wakasema yao, kwamba amerogwa. Wengine wakamtaja ndugu yake na ugomvi wa shamba la chai. Mimi nilikaa msibani nimejifunika khanga, nikala wali wa watu, nikanyamaza.

Basi usiku ule ndipo alipokuja.

Nilikuwa maabara, sijui niliingiaje. Meza zilikuwa zilezile, zenye majina yetu tuliyoyachonga kwa bikari, lakini madirisha yalikuwa yamepanda juu sana karibu na dari, na mlango haukuwa na kitasa upande wa ndani. Mwalimu Sanga alikuwa amekaa kwenye stuli na suti tuliyomzika nayo, anahangaika na tai. Maisha yake yote hakuvaa tai. Aliniambia, kwa sauti yake ile ya kulalamika kidogo, kwamba siku ya maziko hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo. Nikajikuta nacheka, na katika kucheka nikasahau kwamba amekufa. Kisha akakunja mkono wa koti, akaninyooshea mkono.

Niliushika. Ulikuwa wa baridi kama bomba la asubuhi, na ndani yake mapigo yalikuwa yanaendelea. Mawili. Kimya. Matatu ya haraka. Kimya kirefu. Nilihesabu mpaka nikaona imetosha, nikataka kuondoa vidole. Vidole havikutoka. Havikuuma wala havikushikwa na kitu, vilikuwa tu havinisikii tena.

"Umepata ngapi, Profesa?"

"Sabini na mbili."

Sikukusudia kusema hivyo. Nilikuwa na namba nyingine kinywani, naihisi kabisa kwenye ulimi, lakini ilipotoka ikatoka hiyo. Na nyuma yangu ukuta ukasogea. Siuoni ukisogea, nasikia tu meza zinaburuzwa sakafuni. Ananiuliza tena, taratibu, kama alivyokuwa anamuuliza mwanafunzi anayemtakia apate. Najipanga. Nafungua kinywa, inatoka sabini na mbili, na meza zinaburuzwa tena, na sasa ukuta umenifika mgongoni.

Ukuta una joto. Una unyevu, na unapumua. Naugusa kwa mkono ulio huru na kugundua nilipo, kwa sababu nimepachora mahali hapa mara nyingi na kupewa alama zote. Ni chumba cha chini cha upande wa kushoto wa moyo, kile chenye kuta nene kuliko vyote, kinachosukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Mlango sasa ni vali, na vali inafunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita haina ruhusa ya kurudi. Najua jina la kila kitu kilichonizunguka. Nayataja moja baada ya jingine kwa sauti, kama ninavyokariri kabla ya mtihani, na chumba kinazidi kubana. Mwalimu amekaa kwenye stuli yake, magoti yake yanagusa yangu, mkono wake bado uko kwenye vidole vyangu. Ananisubiri. Hana haraka, na kutokuwa kwake na haraka ndiko kunakonitisha zaidi.

Halafu tuko uwanjani.

Hakuna mlango tuliopitia. Nyasi zina umande, anga liko wazi, na darubini ya bomba imewekwa juu ya kiti cha darasani kama zamani. Mkono wangu wa kushoto umemshika yeye. Jicho langu la kulia liko kwenye lenzi.

"Angalia," ananiambia.

Naangalia. Mshtarii iko pale, ya duara, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Pembeni yake kuna mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne una miguu. Naangalia vizuri, naona ni Yusta, na kaptula yake ya njano ya mazoezi, anakimbia kuizunguka ile sayari kwa mwendo wake ule mzuri, mabega yametulia, mdomo umefungwa. Akipita mbele anatabasamu. Anaendelea kwenye kona. Anapita nyuma.

Nasubiri atokee upande wa pili. Mwezi wa kwanza unatokea. Wa pili unatokea. Wa tatu unatokea, unapita, unaingia tena nyuma na kutokea tena. Nataka kuondoa jicho nimwite, na jicho limekwama kwenye lenzi, kope zangu zimeshikwa. Kwa vidole nasikia mapigo ya Mwalimu: mawili, kimya. Nasubiri mengine, hayaji. Nasubiri Yusta, haji. Nimebanwa katikati ya vimya viwili, na najua, kwa ule uhakika mtu anaokuwa nao ndotoni, kwamba hakuna mwingine duniani anayesubiri, na nikinyamaza hakuna atakayejua kwamba kuna mtu alikuwa anakimbia.

"Ngapi?" ananiuliza.

Kinywa changu kinaanza, sabini na...

"Sikuulizi kitabu," anasema. "Nauliza vidole vyako."

Ndipo nikalia. Nililia kama mtoto, kwa kwikwi, na maneno yakatoka yamechanganyika na machozi. Nilimwambia yalikuwa yanaruka. Nilimwambia nilipata hamsini na nane, nikapata tisini, nikaogopa kuonekana sijui kuhesabu. Nilimwambia Yusta ameanguka pale kwenye paini na mimi nimeapa. Nilimwambia kwamba kila siku namwona mkewe akipita kwenda sokoni, nami nazunguka nyuma ya jiko la shule ili nisikutane naye. Nilisema mpaka nikaishiwa. Nilipoishiwa, vidole vyangu vilikuwa vimeachia, sikujua saa ngapi, na jicho langu lilikuwa linamtazama yeye. Alikuwa amefanikiwa kuivua ile tai, ameishika mkononi hajui aiweke wapi.

Nikamuuliza lile nililokuwa nalo tangu msibani. "Mwalimu, ningesema, ungepona?"

Akafikiri. Alikuwa na desturi ya kuangalia juu akifikiri, na akaangalia juu.

"Hilo sijui. Nisilolijua sitakupikia."

Kisha akasimama, akajifuta umande kwenye suruali, na mara akawa upande wa pili wa uwanja. Sauti yake ilinifikia bila kupandishwa.

"Yangu yamekwisha, Profesa. Nenda kahesabu ya Yusta."

Nikaamka.

Bweni lilikuwa na ule mwanga wa kijivu kabla ya kengele. Niliinama kuangalia kitanda cha chini. Blanketi lilikuwa limekunjwa, hayupo. Yusta alikuwa hana tabia ya kusubiri kengele, siku za mazoezi alitoka peke yake. Sikutafuta viatu. Nilishuka, nikampita matroni aliyekuwa anafungua mlango wa stoo, nikakimbia mpaka uwanjani nikiwa na gauni la kulalia, miguu inaniuma kwa barafu iliyoganda kwenye nyasi.

Alikuwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia, ananyoosha misuli ya mapaja. Aliponiona akadhani kuna moto. Nikamwambia nimemwota baba yake. Akatabasamu, akataka kujua amevaa nini. Nikamwambia akae kwanza. Hakukaa, basi nikamwambia akiwa amesimama: maabara, mkono wa baba yake, namba nilizopata, namba niliyoandika. Sikujitetea popote, na nashukuru kwamba angalau mara moja maishani sikujitetea.

Aliacha kunyoosha misuli.

"Na umekaa nayo tangu kabla ya msiba?"

"Ndiyo."

Akanipa mgongo. Nilidhani ataanza kukimbia, na shule nzima hakuna wa kumkamata Yusta akishaanza. Akasema, bila kugeuka, kwamba matroni akijua, na mwalimu wa michezo akijua, jina lake litafutwa leo hii hii. Nikasema ndiyo. Akasema nilijua mama yake anaitegemea Jumamosi kiasi gani. Nikasema najua.

Ndipo akageuka, akaninyooshea mkono wake bila kusema kitu. Ulikuwa wa moto. Niliweka vidole viwili pale chini ya kidole gumba, kama baba yake alivyotufundisha, nikafumba macho. Mawili. Kimya. Matatu, upesi upesi. Kimya. Sikuwa na saa ya kupimia dakika, na kwa mara ya kwanza sikuwa na namba ya kumpa.

"Yanaruka, Yusta," nikamwambia.

Hakushtuka. Alikuwa anaangalia kule kwenye miti.

"Najua," akasema. "Kila nikilala nayasikia. Nilidhani ni kumlilia baba."