Kadi ya Nne Kutoka Juu

Hii sijawahi kuisimulia mbele ya mke wangu, na mkiniona nacheka sasa jueni ni kwa sababu miaka imepita. Siku yenyewe nilitamani sakafu ya chumba cha kompyuta inimeze.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilikuwa natoka Busia kila Jumatatu kwenda kiwanda kimoja Tororo, ambako walinitoa kwenye mizani ya malori wakanipa kompyuta (nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada). Programu yetu ya kupanga mabehewa ilikuwa kadi elfu nne za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kila kadi mstari mmoja, na kompaila, ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine, iliimaliza kwa dakika ishirini. Ikaletwa kompaila mpya, dakika ishirini zikawa saa moja na nusu. Meneja akaniita. "Ouma, kosa likiwa kwenye kadi zako, kazi hii inakwenda Nairobi na wewe unarudi mizani."

Basi nikaanza kuwinda, na niseme kweli, sijawahi kufurahia kazi kama wiki ile, hata chai nilisahau. Niligawa kadi mafungu mawili, nikapima kwa saa ya mkononi, nikagawa tena, kila fungu nikiliwekea juu zile kadi sita za maagizo (bila hizo kompaila haianzi), na kila fungu, hata la kadi hamsini, lilijikokota. Nikaona nimemshika mwizi: kadi zote haziwezi kuwa mbaya, kwa hiyo mbaya ni kompaila. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikamwomba meneja aite fundi kutoka Nairobi.

Fundi alipofika chumba kilijaa, hata wenzangu wa zamani wa mizani walikuja. Nikamwonyesha mstari mwekundu niliouchora mshazari ubavuni mwa rundo la kadi (ndivyo tulivyofanya, kadi ikihama mstari unakatika).

"Umenyooka," nikasema. "Hapa hakuna kadi ngeni."

Athieno, aliyekuwa akitutobolea kadi, akainama kutazama. "Mzee, hii ya nne si wewe nakuja kuniomba natoboa, siku ile kompaila nafika? Ile ya kuandika kila hatua kwenye tepu?"

Fundi akaichomoa taratibu, akazirudisha kadi mashinani. Dakika kumi na tisa.

Niliiweka mwenyewe ili niichunguze kompaila mpya, na kuandika huko kwa kila hatua ndiko kulikula muda, halafu nikachora mstari nayo ikiwa ndani, halafu nikaisahau. Kila fungu nililopima lilikuwa limeibeba.

"Karibu nyumbani," akasema mmoja wa mizani. "Kiti chako bado kipo."

Nikamgeukia meneja. "Kosa ni la kadi zangu, bwana."

"Mizani sikurudishi," akasema. "Utapima lori huku umelipanda."

Walicheka mpaka uani. Kazi nilibaki nayo, na tangu siku ile kila kadi ya uchunguzi kama ile niliikata pembe ili niitambue, na nikitafuta kosa, ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka.