Wekundu wa Risasi

Dada yangu alipoolewa kule Ibanda nilipaka kucha rangi nyekundu, nyekundu hasa, ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Arusi ikaisha, nikarudi kazini Bwera, mpakani, na kucha zangu vilevile. Nilikuwa mlinzi wa ghala la kahawa, mwanamke pekee katika kampuni yetu, na sikuwa nimesikia sheria inayosema bunduki haipatani na urembo.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mkongo wa Butembo, mtu mzima, Mkatoliki wa kufunga na kusali. Kabla vita havijamvusha mpaka, alikuwa akitunza vyombo vya altare katika parokia ya kwao, na kazi ile haikumtoka mwilini. Kitu kisichong'aa, kwake, kilikuwa kitu kilichodharauliwa. Kufuli la ghala alilisugua kwa majivu mpaka wenye kahawa wakawa wanajitazama meno humo.

Asubuhi moja tukaletewa risasi mpya kutoka ofisi ya Kasese, pamoja na habari kwamba afande yuko njiani kuja kukagua. Huyo afande alikuwa mwanajeshi mstaafu, ndiye aliyetufundisha sisi sote. Mwenzangu akaketi juu ya gunia, akachomoa risasi moja, akaigeuzageuza juani. Kisha akatazama vidole vyangu.

"Mama, hii rangi iko yako."

"Rangi gani?"

"Hii hapa. Umeiweka ku risasi yote."

Nikainama nione. Kweli, palikuwa na duara jembamba jekundu pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye ganda lake, na jingine kitakoni, kuizunguka fataki, pale bunduki inapogonga kuwasha baruti. Na kweli lilifanana na kucha zangu kama pacha. Nikamwambia ndiyo kwanza naziona. Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama mtu anayesikiliza ungamo lenye mapengo.

"Hakuna shida, mama. Mutu anaweza kusahau. Mimi nitasafisha."

Nilikasirika. Nikaenda kusimama getini, nikampa mgongo. Yeye akaazima waya wa kusugulia sufuria kwa mama muuza chai, akachota majivu na maji, akaanza: kwaru, kwaru, kwaru, na wimbo wa kanisani juu yake. Nilipogeuka baadaye, risasi zilikuwa zimepangwa juu ya gunia zikikaushwa. Wekundu hakuna. Ule ukijani wa maganda hakuna. Hata rangi ya shaba vichwani ilikuwa imekwenda na waya. Zilikuwa za kijivu, zinang'aa kama vijiko vya arusi, naye anazitazama kwa upendo.

Mvua ikashuka toka milimani, na afande hakufika mpaka kesho yake. Alikuja kwa pikipiki, matope hadi magotini. Akafungua magazini ya bunduki, akatoa risasi, akaisogeza karibu na macho. Tayari ilikuwa na vidoa vya kutu, kama mabaka ya ndizi iliyoiva.

"Nani amesugua hii?"

Mwenzangu akasimama wima. "Ni mimi, afande. Nilikuwa natoa rangi ya huyu mama."

Afande akatazama kucha zangu. Akamtazama yeye. Akatazama tena kucha, na nikaona masharubu yake yakicheza.

"Rangi ya mama! Hii inapakwa kwa fakitori, wewe! Inaziba nafasi, maji isiingie kwa baruti. Baruti ikilowa, unavuta, bunduki inanyamaza. Mwizi yeye hanyamazi!"

Akatuita karibu, akachukua risasi nyingine mfukoni mwake, nzima, akatuonyesha kwa ncha ya ufunguo. Ganda ni la chuma, akasema, na ule ukijani ni vanishi inayolikinga na kutu. Ganda lenye kutu hunasa ndani ya bunduki na halitoki. Kichwani, ndani kabisa, kuna risasi yenyewe, yale madini laini yanayochora hata karatasi. Ikipita uchi kwenye mtutu kwa kasi ile na moto ule, itajipaka humo kama ugali kwenye sufuria, na siku nyingine bunduki haitalenga sawa. Ndiyo maana wanaivisha koti gumu, na juu ya koti wanapaka shaba, ipite vizuri bila kuukwaruza mtutu wala kushika kutu.

"Sasa wewe umeivua nguo yote," akamalizia. "Hii ni risasi au ni kinara cha kanisa?"

Akazifunga zote katika kitambaa kuzirudisha Kasese ziharibiwe, akatuachia nyingine. Mwenzangu alisimama pale mikono imemning'inia, na hasira yangu ikaanza kuniponyoka. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa.

Pikipiki ilipoondoka alikuja getini, akavua kofia.

"Mama, nilikusingizia. Unisamehe."

"Ulisema nimesahau."

"Ni mimi nilikosea. Macho yangu iliona kucha, ikaacha kuona risasi."

Nikamwambia yameisha. Mchana akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, kutoka kwa mkewe, bakuli limejaa, na akakaa kunitazama nile mpaka mwisho, kana kwamba nikibakiza itakuwa sijamsamehe.

Baada ya hapo tuliitwa Kasese kufanya mazoezi ya shabaha. Yeye alikosa ubao, akapiga kilima cha nyuma yake. Mimi nililala kifudifudi kwenye majani makavu, nikabana pumzi, nikavuta. Bunduki ikanigonga begani, na afande akaenda mbele kuangalia, akainua mkono: nimepata ubao. Mwenzangu alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Tukaenda kula samaki wa ziwani, wa Kasenyi, karibu na soko, wa moto, tukiungua vidole, na njia nzima ya kurudi Bwera akawa anamsimulia kila abiria jinsi yule mama aliyekaa kiti cha nyuma alivyo hodari.